Sura ya Tano: Chai ya Mashahidi

Kilichomtia Sajini Aminiel wasiwasi ni kwamba mashahidi walikubaliana mno.

Wolfgang, mbeba magunia wa Kinu cha Umoja, na Otilia, mshona magunia wa hapo hapo, walihojiwa kituoni Jumatatu asubuhi, kila mmoja chumba chake. Wote wawili walisema kwamba Jumamosi, saa za kawaida zilipokwisha saa sita mchana, kinu kiliendelea kusaga kwa ovataimu. Walisema Anselmi, fundi wa mitambo, alikuja amelewa, akadai alipwe ovataimu ambayo hakuifanya, akamtukana Melkiadi mtunza stoo, kisha akaonekana anaingia stoo na spana kubwa mkononi. Jumapili jioni meneja wa kinu, Bwana Eustace, alifungua stoo akamkuta Melkiadi amelala nyuma ya magunia, kichwa kimepasuliwa, spana iko pembeni yake.

Sasa, Aminiel alikuwa mpelelezi wa siku nyingi. Alijua kwamba watu wawili wakisimulia ng'ombe mmoja aliyetumbukia mtaroni, mmoja atasema alikuwa mwekundu na mwingine atasema alikuwa na madoa. Hawa walikubaliana mpaka kwenye neno "spana kubwa". Hakuna aliyesema spana tu.

"Wamefundishwa," alimwambia mkuu wa kituo, Inspekta Bushiri.

"Au wameona kitu kimoja," Bushiri alijibu bila kuinua uso.

Bushiri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya siku zile, ila siku zile zenyewe hazikuwa na huruma na mtu. Ulikuwa mwaka themanini na tatu, msako wa walanguzi na wahujumu umepamba moto. Mwenye mche mmoja wa sabuni uliozidi aliuzika shambani. Bwana mmoja wa kijiji cha Sigino alipakia mtumbwini vitenge vyake vyote akavitupa ziwani gizani, na kulipopambazuka vikawa vinaelea mbele ya wavuvi, vya kila rangi, na wavuvi wakageuza mitumbwi yao upande wa pili wasije wakaulizwa. Watu walicheka habari ile kwa siku moja tu. Baadaye yule bwana alichukuliwa, na hakuna aliyecheka tena.

Bushiri alimpa mpaka kesho yake saa mbili asubuhi. Landrova ya Arusha ingefika saa hiyo kumchukua Anselmi kwa kosa la mauaji, na kosa la mauaji mwisho wake ni kitanzi, hilo halikuhitaji kuelezwa. Njia ilikuwa moja. Kielelezo kipya kikipokelewa kituoni na kuandikwa, jalada lingebaki Babati na mtuhumiwa asingeondoka mpaka kielelezo kichunguzwe.

"Kitu cha kushikika, Aminiel," alisema. "Mashaka yako siwezi kuyatia kwenye bahasha."

Aminiel alipita mahabusu kabla hajatoka. Anselmi alisimama nyuma ya nondo, miguu mitupu, ameshika suruali kiunoni kwa mkono mmoja. Mkanda wake ulikuwa umechukuliwa kaunta, kama wanavyonyang'anywa wote wanaoingia humo, wasije wakajinyonga nao. Mwanamume mzima wa kabila la Wairaki, mrefu, fundi wa kuheshimika, na ilimbidi achague kati ya kusalimia kwa mikono miwili na kubaki amevaa. Aliulizwa tena kuhusu Jumamosi. Akajibu lile lile alilojibu tangu jana, neno ambalo mwandishi wa maelezo hakuona hata sababu ya kuliandika.

"Mimi sikusaini, afande."

"Hukusaini nini?"

Anselmi alitazama mlango, akamtazama konstebo wa zamu. Aminiel alimbembeleza, akamkaripia, akambembeleza tena. Wapi. Mtu alikuwa anaogopa, na hakuwa anaogopa kitanzi peke yake.

*

Kinu kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya uchunguzi, kwa hiyo wafanyakazi walikuwa majumbani. Aminiel aliamua kuwafuata huko huko. Kituoni mtu hukalia benchi la serikali na husema maneno ya serikali. Akiwa kwenye kigoda chake, kuku wake wanapita, ulimi nao hulegea.

Alianza kwa Wolfgang, mtaa wa Bagara. Mvua ya masika ilikuwa imeifanya njia kuwa uji, viatu vikawa vizito. Wolfgang alimkaribisha kwa tabasamu lililokuwa limefika mapema kuliko yeye mwenyewe. Aminiel akaketi, akauliza habari za mashamba, akauliza habari za kazi. Wolfgang alieleza vizuri sana habari za ovataimu, hata asipoulizwa. Kwamba wiki ya kazi ni saa arobaini na tano, kwamba ikizidi hapo kila saa moja inalipwa saa moja na nusu, kwamba Jumamosi mchana ni ovataimu tupu, kwamba ni haki ya mfanyakazi. Alisema neno haki mara nyingi mpaka likachosha.

"Dizeli ya kusagia mchana kutwa mlipata wapi?" Aminiel aliuliza. "Mwezi huu hata gari la kituo linasukumwa."

"Ilikuwepo kidogo, afande."

"Kidogo ya kusaga mpaka jioni?"

Wolfgang alisema yeye ni wa magunia, mambo ya dizeli ni ya fundi. Jasho lilimtoka puani. Hapo mkewe akaingia na chai.

Hili lieleweke. Katika nyumba za watu wale mgeni haondoki bila chai. Awe polisi, awe mdai, awe mtu ambaye mwenye nyumba anatamani angekuwa ameondoka jana, chai itakuja. Kumwacha aondoke mdomo mkavu ni aibu ambayo mama mwenye nyumba ataibeba mpaka kisimani. Na mgeni wa heshima hutengewa kile bora kilichopo, hata kama kilikuwa kimefichwa uvunguni.

Aminiel aliinua kikombe akanywa. Chai ikabaki mdomoni.

Ilikuwa na sukari. Tena ya kutosha, ya kumwagwa na mkono usiohesabu. Nyumbani kwake, na nyumbani kwa kila mtu aliyemfahamu, chai ilikuwa inanywewa kwa chumvi tangu mwaka uanze. Duka la ushirika lilikuwa na viberiti na dawa ya mbu. Aminiel alimeza polepole, akamsifu mama kwa chai yake, akaona Wolfgang anamkazia macho mkewe kama mtu aliyeona mtoto anachezea wembe.

Huenda ndugu amekuja kutoka mbali, alijiambia. Mpelelezi mzuri huanza na ndugu wa mbali, kisha ndipo anapofika kwenye shetani.

*

Otilia alikaa ng'ambo ya mtaro mkubwa, chumba kimoja na jiko la nje, mjane wa makamo mwenye watoto wanne. Aminiel alimkuta ameketi mkekani. Mbele yake kulikuwa na shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na vipande vya kitambaa cha mifuko ya unga, vimekatwa vidogo vidogo. Kimoja kilikuwa tayari kimeshonwa kuwa kifuko, uzi mweusi umepitishwa mara mbili na kufungwa mafundo mawili mwishoni. Aminiel aliuliza hivyo ni vya nini. Otilia alisema ni chupi za watoto, nguo ziko wapi siku hizi. Ni kweli watu wengi walishona chupi za mifuko ya unga mwaka ule. Ila kile kifuko hakikuwa na tundu la mguu.

Akamuuliza ya Jumamosi. Yakatoka maneno yale yale, spana kubwa ikiwemo. Aminiel hakubishana. Aliketi tu, akavua kofia akaiweka gotini, akatulia kama mtu mwenye siku nzima. Alikuwa anasubiri desturi ifanye kazi yake.

Otilia alivumilia kadiri alivyoweza. Alisema kuni zimelowa. Alisema maziwa hayajaletwa. Aminiel akasema hana haraka. Mwishowe yule mama aliinuka kwa aibu, akaenda jikoni, akarudi na kikombe. Alipokiweka mkononi mwa mgeni, macho yao yakakutana, na hapo ndipo Otilia alipokumbuka alichokitia ndani kwa mazoea ya kumheshimu mgeni. Uso wake ulibadilika pale pale.

"Hiyo imepoa, afande," alisema, mkono umeshanyooka. "Lete nikubadilishie."

"Ni ya moto."

"Imeingia nzi."

Aminiel alikishika kikombe kwa mikono miwili akanywa. Alikunywa chote, taratibu, na Otilia alisimama anamtazama. Alipomaliza aliona chembe chini ya kikombe, hazijayeyuka.

"Ovataimu ya Jumamosi," aliuliza, "mmelipwa kwa nini?"

Otilia aliufunga mlango. Alikaa chini, akajifunika kichwa kwa kanga kama mtu aliyefiwa, na alipoanza kusema alisema kwa sauti ndogo sana mpaka Aminiel akasogea. Alisema Jumamosi hakuna aliyefanya kazi. Saa sita walifukuzwa wote, akabaki Bwana Eustace na Melkiadi tu, kwa sababu lilikuwa linakuja lori la kupakia unga na kushusha sukari ya magendo. Lilikuwa limeshakuja mara nyingine kabla ya hapo. Melkiadi alikuwa amechoka na mambo hayo, Ijumaa alisema mbele yao kwamba atakwenda kusema. Jumapili baada ya misa Bwana Eustace aliwaita kinuni, akawaambia wasaini ovataimu ya Jumamosi, na malipo yatakuwa sukari kwa sababu pesa haina cha kununua. Wakafurahi. Wakasaini. Anselmi peke yake alikataa, akasema hawezi kusaini saa ambazo hakuzifanya, akaondoka bila sukari.

"Jioni ndiyo tukaambiwa Melkiadi amekufa," alisema. "Tulisaini kabla hatujajua kuna maiti, afande. Sisi wenyewe kwa mikono yetu tumesema tulikuwa humo ndani."

Aminiel alikuwa ameona watu wakifungwa kwa kamba, kwa pingu, kwa madeni. Hakuwa ameona bado watu waliofungwa kwa chai. Otilia akisema hakuwepo, basi alisaini uongo akala sukari ya magendo, na mhujumu ni yeye. Akisema alikuwepo, mtu aliuawa mbele yake, na la kumwokoa ni kumtaja muuaji anayeambiwa amtaje. Eustace alikuwa amewafungia pande zote mbili, tena kwa kuwapa haki yao ya ovataimu.

Alimwomba aje kituoni aseme hayo. Otilia alitikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Ukiniita nitasema yale ya asubuhi. Nina watoto wanne. Nisamehe, lakini nitasema yale yale, na nitaapa."

*

Kwa Anselmi alifika alasiri. Mkewe, Mama Genoveva, alikuwa bandani anawatupia nguruwe majani ya viazi. Alimwamkia shikamoo bila kumtazama, naye akaitika. Nguruwe walikuwa wanapiga kelele. Mama Genoveva alisema wana njaa, hawajaonja pumba tangu wiki iliyopita. Kila kinu kinaposaga ovataimu ya Jumamosi, wanawake wa mtaa huenda jioni na madebe kugawiwa pumba. Jumamosi hii walikwenda, wakakuta mlango umefungwa na mashine iko kimya, wakarudi na madebe matupu.

Kisha akaingia ndani, akatoka na chai.

Aminiel aliipokea. Alikunywa. Ilikuwa na chumvi.

"Utanisamehe, afande," Mama Genoveva alisema. "Wenzetu wamepata sukari. Baba Genoveva alikataa. Nilimgombeza sana."

Alianza kulia pale pale, amesimama na trei. Alisema yale ya kumgombeza ndiyo maneno yake ya mwisho kwa mumewe, kwa sababu jioni ile ile polisi walikuja. Aminiel alitaka kumwambia kwamba chai yake mbaya ndiyo ushahidi mzuri kuliko wote aliouona siku hiyo. Akajizuia. Maneno ya mke hayasimami mahakamani, na ladha ya ulimi wa sajini haiandikwi kwenye jalada. Alichohitaji ni sukari yenyewe, ndani ya kifuko chenye uzi wa Otilia, kama kile alichokiona mkekani.

Akarudi kwa Wolfgang, safari hii akiharakisha.

Mke wa Wolfgang alimpokea mlangoni. Alikuwa amekwisha chemsha chai, na ilikuwa na chumvi nyingi mpaka ikawa dawa. Mabati na makopo yote yalikuwa yameoshwa, yameinamishwa juani ambapo hapakuwa na jua. Aminiel alizunguka nyuma ya nyumba kama mtu anayetafuta pa kujisaidia. Sisimizi walikuwa wamejipanga mstari kutoka jikoni mpaka chooni, wanashuka tunduni na kupanda. Aliwatazama mpaka akachoka. Mtu hawezi kumkamata sisimizi akamfanya kielelezo.

Kwa Otilia mlango ulikuwa na kufuli. Jirani alisema amekwenda Sigino na watoto wote, amechukua na mkeka. Ndani ya mchana mmoja mji mzima ulikuwa umeshajua kwamba sajini anaonja chai.

*

Gari lilimfikia karibu na soko, likapunguza mwendo, likaenda sambamba naye. Lilikuwa pikapu la kinu. Bwana Eustace alikuwa ameegemeza kiwiko dirishani, shati jeupe, mtu wa miaka hamsini mwenye sauti ya upole. Alimpa pole kwa matope, akamwomba apande. Aminiel alisema amezoea kutembea.

"Nimesikia leo umetembea sana, afande. Asubuhi mpaka sasa. Hizo saa zote wanakulipa?"

"Polisi hawana ovataimu."

"Kweli? Si haki hata kidogo." Eustace alitikisa kichwa kwa masikitiko, na Aminiel akaona kwamba masikitiko yenyewe hayakuwa ya uongo. Alikuwa mtu anayependa kulipa watu. "Mfanyakazi akizidisha saa, lazima apate kitu. Mimi kwangu hakuna anayezidisha saa bure."

Pikapu likaongeza mwendo. Aminiel alibaki amesimama katikati ya njia. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapanga nyanya alimtazama, kisha akayatazama yale magurudumu, kisha akaanza kupanga nyanya zake upya. Aminiel alijikuta anatembea haraka, halafu haraka zaidi, na alipoiona nyumba yake alikuwa karibu kukimbia, mtu mzima, bila kujua bado anakimbilia nini.

Mlango ulikuwa wazi. Elibariki, mwanawe, alikuwa mzima, anachora chini kwa kijiti. Mkewe alikuwa mzima, anaimba jikoni. Aminiel aliketi kwenye kiti chake, akacheka peke yake kwa kujionea haya.

Mama Elibariki alileta chai. Alisimama kumtazama anavyokunywa, kama mtu aliyeficha zawadi.

Ilikuwa tamu.

Kikombe hakikumdondoka. Alikiweka mezani, akauona mkono wake unakiweka, na mkono ulikuwa kama wa mtu mwingine. Mkewe alikuwa anazungumza kwa furaha. Alisema kijana mmoja nadhifu amekuja mchana, akabisha hodi vizuri, akaleta mzigo, akasema ni ovataimu ya Baba Elibariki. Alisema amefikiri, hatimaye serikali imewakumbuka. Alisema Elibariki amekunywa vikombe viwili, na jirani mmoja amepewa kidogo, na mwingine kidogo, kwa sababu walimwona yule kijana akiingia na isingekuwa vizuri kuwanyima.

"Akakuacha hivi hivi?" Aminiel aliuliza.

"Alinisainisha. Kwamba nimepokea."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Naye sasa alikuwa na saini yake, na sukari yake, na mashahidi wa jirani. Angeinuka kesho asubuhi, angeitazama Landrova ikimchukua Anselmi, angesema jambo la kusemwa na sajini, na sukari ingeendelea kuja. Au angefungua mdomo, na kabla hajamaliza sentensi ya pili yule kijana nadhifu angekwisha fika kituoni na karatasi. Alimwambia mkewe yote, kwa maneno machache. Mama Elibariki alikaa chini taratibu, akashika mdomo. Kisha akainuka haraka, akaenda jikoni, na Aminiel akajua anakwenda kufanya nini, kwa kuwa ndicho alichofanya mke wa Wolfgang.

Alimkuta mlangoni pa choo, mzigo ameubeba kifuani. Akamshika mkono. Ule mzigo ulikuwa kifuko cha kitambaa cha unga, kimeshonwa kwa uzi mweusi uliopita mara mbili, mafundo mawili mwishoni. Nusu ya maandishi ya Kinu cha Umoja ilikuwa bado inasomeka upande mmoja.

"Niache niitupe," mkewe alisema. "Baba Elibariki, nakuomba. Watakufunga. Watatufunga wote wawili, na mtoto huyu nitamwachia nani?"

Aminiel aliogopa, tena aliogopa kama mtoto. Lakini mji mzima siku hiyo ulikuwa umemwaga sukari chooni, na Eustace mwenyewe, kwa kuamini kwamba mtu mwenye hofu huficha, alikuwa ameleta kifuko cha mwisho na kukiweka jikoni kwa mpelelezi. Hakikuwepo kingine Babati nzima. Na mtu mwingine pale mjini alikuwa amesimama miguu mitupu, ameshika suruali, kwa sababu alikataa kusaini.

"Wewe umesaini kwa kutojua," alimwambia. "Mimi nikiitupa, nitakuwa nimesaini kwa kujua."

Alimwachia mkono. Ilichukua muda mrefu, kisha Mama Elibariki akamkabidhi mzigo. Akavuta kanga yake kambani, akajifunga vizuri, akasema hawezi kumwacha aende peke yake, na akamchukua mtoto.

Walipita sokoni watatu, kweupe, kabla jua halijazama. Aminiel alikibeba kifuko mbele yake kwa mikono miwili, bila kukifunika kwa koti. Watu walikiona. Muuza chumvi aliacha kupima. Mtu mmoja alianza kusalimia akaishia katikati. Pikapu la kinu lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka, na aliyekuwa ndani yake aliteremsha kiwiko chake kutoka dirishani. Mama Elibariki hakugeuka kumtazama, ingawa alikuwa analia.

Kituoni konstebo wa zamu alisimama kwa heshima, akamwona mama, akaona kifuko, akachanganyikiwa. Aminiel alikiweka juu ya kaunta. Alimwambia amwite Inspekta Bushiri, na wakati anamsubiri afungue kitabu aandike kielelezo kipya katika shauri la kifo cha Melkiadi. Konstebo akaandika. Kifuko kimoja cha sukari, uzi mweusi, alama ya kinu. Alifika mahali pa kuandika jina la aliyekutwa nacho, akainua kalamu na kuuliza.

Aminiel alimtajia jina lake mwenyewe.

Konstebo alidhani hakusikia vizuri. Alimtazama Mama Elibariki, akamtazama tena sajini wake, na kalamu ikabaki hewani. Huko nyuma mahabusu mtu alisogea mpaka kwenye nondo, akatulia kusikiliza.

"Andika," Aminiel alisema.

Kisha akavua viatu vyenye matope, akavipanga ukutani. Akafungua mkanda wake, akauweka juu ya kaunta kando ya sukari, na kwa mkono mmoja akashika suruali.